Waliomo Kazini Leo

Je, barua ambayo kila neno lake ni la kweli yaweza kuwa uongo? Swali hili nilitembea nalo siku tisa, katika likizo ya mwaka wa hamsini na saba, na kwa siku saba kati ya hizo sikuwa na jibu. Nayaandika haya kwa kuwa barua yenyewe niliitunga mimi, kwa mkono wangu, na nilipoimaliza niliisoma kwa sauti kwa jinsi ilivyonipendeza.

Nilikuwa nimetoka Makerere na pasi yenye mihuri mitano. Siku zile za Hali ya Hatari msichana wa Kimeru hakuweza kupita Nairobi bila kueleza anatoka wapi, anakwenda kwa nani na amebeba nini. Askari wa stesheni alivipekua vitabu vyangu ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba risasi zingedondoka. Nilivumilia hayo kwa kiburi cha aina fulani. Chuoni nilikuwa nimesimama mbele ya wenzangu katika ukumbi wa mijadala, nikasema kwamba haki isiyoandikwa haina mlinzi, nao wakanipigia makofi. Haikunijia kwamba dhuluma nayo hupenda kuandikwa vizuri.

Baba yangu, Riungu, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi pembezoni mwa Majengo, mjini Meru, hatua chache kutoka kwenye mabucha ya Waislamu. Alikuwa pia katibu wa Chama cha Waajiri wa Mashine za Kusaga, Meru na Embu. Wanachama walikuwa kumi na wanne, wenye mashine kuanzia Kianjai hadi Embu mjini, na chama kilikuwa kimesajiliwa na serikali tangu mwaka wa hamsini na tatu. Cheti cha usajili kilitundikwa ukutani juu ya mizani, ndani ya fremu ya kioo. Unga ulikifunika kutwa nzima, na kila jioni kabla ya kufunga Baba alikifuta kwa leso yake mwenyewe.

Siku ya tatu baada ya kuwasili nilikwenda kumwona kazini, nikakuta cheti hakipo. Ukuta ulikuwa na alama ya mraba, safi kuliko sehemu nyingine.

"Cheti kiko wapi, Baba?"

"Kinarudi kilikotoka." Akanisogezea kiti. "Karwirwa, Kiingereza chako kimefika wapi?"

"Kimefika unapotaka."

"Nataka kifike Nairobi kwa Msajili, na kisirudi na maswali."

Akanieleza. Chama kilitaka kufutwa katika daftari la serikali. Wenyewe waliomba kusajiliwa, na sasa wenyewe waliomba wafutwe.

"Nimesikia watu wakigombea kuandikwa," nikasema. "Sijawahi kuwasikia wakigombea kufutwa."

"Hata kanisani wako," akajibu, na hakucheka. "Chama kilichosajiliwa ni nyumba yenye mlango, mwari wangu. Yeyote aweza kubisha, na sheria inakulazimu ufungue. Tukifutwa, kila mtu anabaki na mashine yake na wafanyakazi wake. Hakuna mlango."

Kilichokuwa kikibisha nilikijua nusu. Mwaka uleule wa kusajiliwa, chama kilitia saini mkataba na wafanyakazi wake. Kifungu cha saba kilisema kwamba mfanyakazi akichukuliwa kuhojiwa na serikali, nafasi yake itahifadhiwa hadi atakaporudi na karatasi safi. Wakati ule hakuna aliyefikiri kuwa watachukuliwa wengi, wala kwamba watakaa miaka mitatu. Sasa makambi yalikuwa yanaanza kuwatoa watu. Ukifutwa usajili, mkataba ungebaki bila mwenyewe.

Fomu ya Msajili ilikuwa na pengo moja gumu. Chama kilitakiwa kutamka kwamba hakuna dai lolote la mfanyakazi.

"Andika hakuna," Baba akasema.

"Je, hakuna?"

Akapuliza chai ambayo ilikuwa imepoa tayari. "Wako waliochukuliwa. Lakini hao wako kambini. Hawasagi mahindi ya mtu."

"Basi tukiandika 'hakuna mfanyakazi', mtu atasimama na kupinga." Nikaichukua kalamu. Nakumbuka furaha ya dakika ile, furaha ya mtu anayepata jawabu la hesabu kabla ya darasa zima. "Tuandike hivi: *Miongoni mwa wafanyakazi waliomo kazini leo, hakuna aliye na dai lolote kwa chama.*"

Baba alinitazama kama alivyonitazama siku matokeo yangu ya mtihani yalipotangazwa kanisani.

"Waliomo kazini leo," akarudia polepole. "Makerere si bure."

Nilimkumbuka Ngari. Nataka hili lijulikane. Kwa muda wa kupepesa jicho nilimkumbuka Ngari, fundi wa injini, mtu wa Mbeere mwenye sauti ya chini, ambaye nilipokuwa msichana wa shule ya bweni alinifundisha kuweka kiganja juu ya ubao wa mashine ili nisikie mkanda unapoanza kulegea. "Masikio hudanganywa na kelele," alikuwa akisema. "Mkono haudanganywi." Alichukuliwa mwaka wa hamsini na nne, mbele ya wanawake waliokuwa kwenye foleni, na unga ukiwa bado kwenye nyusi zake. Nilimkumbuka, kisha nikarudi kwenye sentensi yangu kuona kama koma ilikaa mahali pake.

Sheria ilitaka pia ilani ibandikwe kwenye kila mashine, kwa Kiswahili, ili mfanyakazi mwenye pingamizi aende kwa Afisa wa Kazi kabla ya mkutano wa wanachama. Mkutano ulikuwa baada ya siku nane. Kesho yake asubuhi Baba alisema goti lake limeamka vibaya, akanituma mimi. Nilishangaa, kwa sababu goti lile lilikuwa limempeleka sokoni jana yake. Sikuuliza.

Kwenye mashine yetu injini ilishikwa na Mutegi, mpwa wa mwenyekiti wa chama, kijana wa maneno mengi na kofia iliyolazwa upande.

"Karibu, profesa!" akaniita juu ya kelele. "Umetuletea nini, mtihani?"

"Ilani. Soma."

"Mimi nasoma mahindi tu. Hebu tusomee wewe, sisi tusikie Kiswahili cha Uganda."

Wanawake wa foleni wakacheka. "Mwache," mmoja akasema, "ukimwoa huyu atakuwa anakusahihisha hata ukikoroma!"

Nilibandika karatasi mlangoni, nikasoma kwa sauti, na nilipofika kwenye *waliomo kazini leo* niliinua sauti kidogo. Foleni ilisogea. Mama mmoja mwembamba, mwenye debe la mahindi na kitambaa cheupe kichwani, aliweka debe chini, akaja kusimama karibu nami. Nilimfahamu kwa sura. Alikuwa Peninah, mke wa Ngari, aliyepanga chumba nyuma ya msikiti wa Majengo. Watoto wake wawili walikuwa kwa bibi yao Mbeere. Yeye alibaki mjini kwa sababu, alivyosema kwa watu, mume akirudi na kukuta hakuna mtu atadhani amekosea njia.

"Mwanangu," akasema, "mimi sikusoma. Niambie kwa lugha ya nyumbani. Karatasi hii inamhusu Ngari?"

Mkono wangu ulikuwa bado juu ya karatasi.

"Hapana, mama," nikajibu. "Inahusu wafanyakazi waliomo kazini leo."

"Wewe ndiwe mwari wa Riungu?"

"Ndimi."

"Basi nimeridhika. Wewe huwezi kuniambia uongo." Akalichukua debe lake, akarudi kwenye foleni.

Nilidhani amenisifu. Nilipanda kwenda nyumbani nikijiambia kwamba sifa ya msomi imefika hata kwa wasiosoma.

Saa ya chakula cha mchana niliwasimulia wazazi jinsi kazi ilivyokwenda, nikaiga kofia ya Mutegi, Mama akacheka. Kisha nikasema kwamba Peninah aliuliza swali na nikamjibu. Mkono wa Baba ulisimama juu ya sahani.

"Alikuuliza wewe?"

"Aliniuliza kama karatasi inamhusu Ngari. Nikasema hapana."

Mama aliweka mwiko chini. Hakunitazama mimi. "Riungu," akasema, "ulimtuma mtoto."

"Hajui mambo haya. Tangu ana miaka tisa amekaa kwa wazungu."

"Ndiyo maana ulimtuma."

Hivyo ndivyo nilivyoelezwa jambo ambalo kila mtu wa ukoo wetu analijua kabla ya kung'oa meno ya utoto. Ukoo wetu wa Kianjai na ukoo wa kina Ngari kule Mbeere ni *gichiaro*. Zamani za vita vya ng'ombe, watu wa pande hizo mbili walichanjiana damu, na toka siku ile wao ni zaidi ya ndugu. Gichiaro chako hamwoani. Akikuomba kitu, humnyimi. Akikuuliza neno, humdanganyi, hata kama ukweli utakuvua nguo. Mke anaingia humo kwa mumewe, na mtoto kwa baba yake. Anayevunja hupatwa na majipu na laana, na wazee wana orodha ndefu ya jinsi anavyopatwa.

Ndipo nilipoelewa goti. Ilikuwa miezi minne Baba hakuwa amekutana na Peninah uso kwa uso. Alimwona sokoni akageuka kwenye duka la nguo. Alimwona kanisani akatoka kwa mlango wa wazee kabla ya baraka. Kwa sababu Peninah angesema neno moja tu, "Nafasi ya Ngari ipo?", na Baba asingeweza kukataa wala kudanganya. Alimkimbia ili asiulizwe. Na siku ilipobidi mtu wa nyumba yetu asimame mlangoni na karatasi ile, alimsimamisha binti yake, akiamini kwamba damu ya zamani haimtambui mtu aliyesoma.

"Kuna zaidi," Mama akasema. "Mwonyeshe."

Baba aliifungua Biblia, akatoa bahasha. Ilikuwa barua ya Afisa wa Kazi, ya wiki tatu nyuma. Iliuliza swali moja: kama Ngari, aliyekuwa fundi wa mashine ya Riungu, bado ana nafasi yake. Akithibitishwa na mwajiri, angeachiliwa kabla ya mwisho wa mwezi na kupewa pasi ya kukaa Meru. Asipothibitishwa, angehamishiwa kambi nyingine ya kazi hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Majibu yalitakiwa kabla ya tarehe thelathini.

"Mtu akimtaja aliye kambini, kesho anaulizwa yeye," Baba alisema. Hakuwa akinijibu mimi. Alikuwa akijibu barua. "Mbae, mwenyekiti wetu, ameniambia waziwazi. Atakayefungua mlango kwa mmoja amewafungulia wote. Na Mutegi ni mpwa wa Mbae. Nikamwambie nini, ashuke kwenye injini?"

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Ningekwambia, ungeiandika ile barua?"

Natamani ningeweza kuandika hapa kwamba nilisema hapana. Nilinyamaza. Na kunyamaza kwangu hakukuwa kwa siku moja. Nilijiambia kwamba mimi siamini majipu na laana. Kwamba nilichomwambia Peninah kilikuwa sahihi kwa mujibu wa maandishi. Kwamba neno *leo* ni neno lenye mipaka. Nilizunguka shambani nikijihoji na kujishinda. Siku ya nne tangu kuitunga barua nilipanda lori la Mbae hadi Kibirichia kubandika ilani kwenye mashine yake. Nilikuwa najua kila kitu, na nikaibandika. Mbae, mtu mnene mwenye kicheko cha bure, alinipa viazi vilivyochomwa kwenye majivu, nikala.

"Kula, mwari," alisema. "Akili kama yako isilale njaa. Sentensi ile! Nilimwambia Gitari wa Embu, akasema tungelipa wakili asingeipata. Ukirudi Kampala utahitaji pasi, sivyo? Chifu wetu ananisikiliza. Usiwe na wasiwasi."

Viazi vilikuwa vitamu. Hilo nalo ni sehemu ya aibu yangu.

Siku ya saba nilikwenda Majengo. Sikwenda kwa ushujaa. Asubuhi ile Mama alinituma bucha, na Peninah alikuwa ametangulia kwenye meza ya nyama, akiniangalia kwa macho mema kabisa. Aliniamkia kwa furaha. Nyama ilipokuwa inafungwa kwenye gazeti nilijua kwamba nikiyapokea macho yale mara moja tena, nitayazoea. Nikamfuata hadi chumbani kwake.

Chumba kilikuwa na kitanda, jiko na sanduku la bati. Juu ya sanduku kulikuwa na suruali ya kazi ya mwanamume, imepigwa pasi na kukunjwa, mkunjo juu ya mkunjo. Alinipa kigoda. Nilibaki nimesimama.

"Mama Peninah, nilikuambia karatasi haimhusu Ngari. Inamhusu. Ilitungwa ili imwache nje. Niliitunga mimi."

Hakushtuka. Alikaa kitandani na kuiweka mikono magotini.

"Lakini uliniambia ni ya walio kazini."

"Ndivyo ilivyoandikwa. Yeye hayumo kazini, kwa hiyo hahesabiwi. Na asipohesabiwa, chama kinafutwa, na nafasi yake inakwisha."

"Nawe ulijua nilipokuuliza?"

"Nilijua maneno. Sikujua kwamba sisi ni gichiaro."

"Aa." Akatikisa kichwa taratibu. "Kwa hiyo kama ningekuwa mtu baki, ningedanganywa na ingekuwa sawa."

Nilikitazama kigoda alichokuwa amenipa.

"Keti, mwari wa Riungu, unanichosha shingo." Nikaketi. "Unajua nilifanya nini siku ile nilipotoka pale? Kuna mchungaji anayeingia kambini kuhubiri. Nilimtuma amwambie Ngari kwamba kuna karatasi imebandikwa lakini haimhusu, mwari wa Riungu mwenyewe amesema. Jirani aliniambia nenda kwa Afisa wa Kazi, kapinge. Nikamwambia, nipinge nini? Gichiaro changu amenijibu. Nikakaa hapa siku tano nikipiga suruali pasi."

Hapo nilipata jibu la swali langu, na halikutoka katika kitabu. Nilikuwa nimepima uongo kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu. Ulipaswa kupimwa kwa kile ambacho mama huyu aliondoka akikiamini, na kwa siku tano alizoketi hapa kwa sababu hiyo.

"Nisamehe," nikasema.

"Nikusamehe ili iweje? Ulale?" Hakusema kwa hasira, na hilo lilikuwa zito zaidi. "Ningetaka, ningemvizia baba yako njiani. Nimeuona mgongo wake kanisani mara tatu. Ningepiga hatua kumi tu nimshike koti, nimwombe, naye angelazimika. Sikutaka. Mtu akikupa kitu kwa kuogopa damu, kesho anakuchukia. Nilitaka anipe kwa sababu Ngari alimfanyia kazi miaka saba." Akainuka, akainyoosha suruali ambayo haikuwa na kosa. "Mimi msamaha wangu si dawa ya Ngari. Kama unataka kurekebisha, jina lake liseme mahali wanapolifuta. Na uliseme mbele ya watu, kama ulivyonisomea mimi mbele ya watu."

"Mkutano ni kesho kutwa."

"Basi," akasema, "una muda wa kuogopa."

Aliniambia hivyo na karibu atabasamu.

Mkutano ulifanyika saa nne asubuhi katika darasa la shule ya misheni. Wanachama waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakiwa yamepanda hadi kifuani. Gitari alikuwa ametoka Embu kwa pasi ya siku mbili na alilalamikia kila kizuizi barabarani. Mbae alileta gunia la viazi awagawie wenzake, akasema chama kikifa lazima kuwe na chakula cha matanga. Walicheka. Baba aliketi mbele, kwenye meza ya mwalimu, cheti ndani ya fremu yake kikiwa kimelazwa kifudifudi pembeni yake.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Barua isomwe kwa Kiingereza kama itakavyopelekwa, ifasiriwe kwa Kiswahili ili kila mtu ajue anachotia saini, kisha saini kumi zingetosha. Mimi ndiye msomaji na mfasiri. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia Baba niliyoyafanya Majengo. Hakunigombeza. Alisema tu, "Alisema nini kunihusu?" Nikamwambia, "Kwamba ameuona mgongo wako mara tatu." Akafunga vifungo vya koti, na tukatembea hadi shuleni.

"Simama, profesa wetu," Mbae akasema. "Tusomee dua ya mwisho."

Nikasimama. Nilipoishika ile karatasi niliona mwandiko wangu, mzuri, umelala upande mmoja kama ngano.

"Kabla sijasoma," nikasema, "kuna jambo kuhusu sentensi ya tatu."

"Hiyo ndiyo tamu!" Gitari akapaza sauti. "Usiiguse hiyo."

"Nimeitunga mimi, mzee. Inasema kwamba miongoni mwa wafanyakazi waliomo kazini leo hakuna mwenye dai. Niliandika *leo* ili watu waliochukuliwa wasionekane. Mmoja wao ni Ngari, fundi wa mashine ya baba yangu. Afisa wa Kazi ameuliza kama nafasi yake ipo. Hajajibiwa."

Madawati yalilia. Kicheko cha Mbae kilikatika, lakini uso wake ulikuwa haujapata habari, ukabaki umetabasamu.

"Mwari," akasema kwa upole, "keti. Hujui unachokigusa. Jina la mtu wa kambini halitajwi ovyo, hata kama ni la mema. Wewe utapanda treni. Baba yako atabaki hapa na jina hilo."

"Najua."

"Na hiyo treni utaipanda kwa pasi gani? Umefikiria?"

"Nimefikiria siku mbili."

"Riungu!" Mbae akageuka. "Mnyamazishe binti yako. Au ni wewe uliyemfundisha?"

Baba hakuinua macho. Aliinyoosha mikono yake juu ya meza, mikono ile iliyobeba magunia kabla ya kumiliki mashine. Niliona haya kwa ajili yake, na papo hapo niliona haya kwa kuona haya, maana nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili na sikuwa na mashine, wala mke, wala Mbae wa kumsalimu kila Jumapili. Alichofanya kilikuwa kidogo. Alikigeuza cheti, kikatazama juu. Leso aliitoa mfukoni, akaanza kuufuta unga kwenye kioo, polepole, pembe kwa pembe. Nami sikumngojea aseme.

"Wazee wangu," nikasema, "barua hii sitaisoma, wala sitaifasiri, na sitaki itumike ikiwa na mwandiko wangu. Mkitaka kujifuta, mtafuteni mwandishi mwingine, na aandike kwamba wako watu kambini wanaodai nafasi zao. Nilimwambia mke wa Ngari uongo mlangoni pa mashine, mbele ya foleni. Nimemwendea na kumwambia ukweli. Sasa nawaambia nanyi. Nikitoka hapa naenda moja kwa moja ofisini kwa Afisa wa Kazi pamoja na Peninah, ambaye anangoja nje penye bomba la maji. Nitamwambia afisa kwamba Ngari alikuwa na nafasi, kwamba mkataba wa chama hiki unaihifadhi, na kwamba maneno ya kumficha niliyaandika mimi. Nitatia saini kwa jina langu lote, na la baba yangu, na la ukoo wetu."